Msikilizaji wa Mwanabaraka

Mwenye masikio ayafungue na mwenye mdomo aufunge, maana kisa hiki kimeanzia kwa watu wasiojua kunyamaza.

Jioni ile barazani kwa Nasor bin Khalfan walikaa wanaume watano sita, vikombe vya kahawa mkononi, wanazungumza habari za pembe za ndovu. Kila mwenye nyumba ya mawe hapa Bagamoyo wakati ule, miaka miwili mitatu kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao, alizungumza habari za pembe. Pembe zimefika, pembe zimechelewa, pembe zimeporwa njiani, mpagazi fulani kafia Ugogo na pembe yake begani. Nyuma ya pazia, chumba cha ndani, mke wa Nasor alikuwa anaimba. Aliimba kwa kuwa mumewe alimwamrisha aimbe, ili wageni wajue kwamba nyumba hii ina sauti, kama walivyojua kwamba ina mlango wa nakshi na saa ya ukutani. Basi wao wakasema, yeye akaimba, na hapana aliyemsikia.

Ndipo mtu akasema, kwa upole, kwa sauti ya chini: "Nyamazeni."

Wakanyamaza. Wakatazamana. Nasor akamtazama Darwesh, rafiki yake mkubwa, aliyekuwa na domo kuliko wote.

"Umesema wewe?"

"Mimi? Nilidhani wewe."

"Ninyamazishe wageni wangu mwenyewe? Nimeingiwa na wazimu?"

Wakacheka, wakarudi kwenye pembe zao. Lakini Darwesh alivuta pua mara mbili, akauliza nani kapaka chokaa. Palikuwa na harufu ya chokaa yenye unyevu, harufu ya jengo lililokaa miaka na miaka bila paa, na ndani yake harufu ya udi kwa mbali. Siku ile hapakupakwa chokaa, wala hapakuchomwa udi.

Sasa mjue huyo mwimbaji ni nani, maana wapo wanaosema alikuwa mwanamke tu aliyejaliwa sauti. Kujaliwa! Mwanabaraka alikuwa mtu wa Kaole, na sauti yake aliifanyia kazi kama fundi anavyofanyia kazi ubao wa mlango. Alifunzwa na Bi Ashatu, bibi mmoja mkali asiyejua kusifu, aliyekuwa akiimba tungo za kuimbwa na mtu mmoja peke yake, bila ngoma, bila kigelegele, bila wa kuitikia. Mafunzo yenyewe yalikuwa kwenye magofu ya Kaole, ndani ya kuta za msikiti wa zamani, kwa kuwa kuta zile humrudishia mtu sauti yake pamoja na makosa yake. Bi Ashatu humsimamisha mwanafunzi ameelekea ukuta, yeye akakaa nyuma. Mwanafunzi akianza kuimba, bibi humrushia vijiwe mgongoni, humwita jina lake, hupiga kelele kwamba kuna nyoka. Ukigeuka umekosa, na siku hiyo unarudi nyumbani na wimbo wako kooni.

Mwanabaraka alijifunza kutogeuka. Alijifunza kuikalisha pumzi kiunoni na kuitoa kidogo kidogo, alijifunza kuchagua kitu kimoja cha kutazama, ufa wa ukuta au fundo la uzi, na kukitazama mpaka dunia yote iliyobaki iondoke. Neno likitoka unalifuata mpaka likae mahali pake, la nyuma hulijutii, la mbele hulipaparikii. Ni kazi ngumu, msione mtu amekaa kitako mkadhani anapumzika. Na ujira wake uko mwisho. Ukiufikisha wimbo mwisho bila kuuangusha, ubeti wa mwisho unapotoka kifua kinakuwa cheupe, machozi yanashuka bila huzuni, na mtu anakaa kimya akiwa na furaha ambayo hana wa kumweleza. Mwanabaraka aliionja furaha hiyo akiwa msichana, na tangu hapo hakutaka kingine.

Nasor alimsikia kwenye harusi moja ya Kaole, akiwa amepita njia. Akapeleka posa kwa ami wa binti. "Nimeipenda sauti," alisema, na Mwanabaraka akayaamini maneno hayo, maskini, akaona amepata mume wa kumsikiliza. Kumbe mtu alitaka kufuga kasuku. Nyumba ile ya mawe Mwanabaraka aliimba kila siku baada ya alasiri, na hakuwahi kuufikisha wimbo hata mmoja mwisho. Kila akikaribia, Nasor hupiga makofi kutoka barazani: "Basi, inatosha! Leteni kahawa!" Na ule ubeti wa mwisho ukabaki kifuani, ukamchoma kama mlo uliokwama njiani.

Siku ya pili baada ya ile "nyamazeni", wageni wakakaa tena. Mwanabaraka akaanza. Darwesh naye akaanza, anamsimulia Nasor habari ya pembe mbili alizoziona kwa Mhindi, kubwa, nene, na sauti yake ikapanda juu ya wimbo ili asikike vizuri. Katikati ya neno meno yake yakafungana. Walisikia mlio wa meno, kah! kisha damu ikashuka kwenye ndevu na kanzu. Alikuwa amejing'ata ulimi, na si kidogo. Watu wakaruka, vikombe vikamwagika, na katika zile ghasia Nasor akapiga kelele, "We Mwanabaraka, nyamaza huko, mtu anatoka damu!"

Darwesh alipelekwa kwake ameshikwa huku na huku. Ulimi ukavimba, maneno yakamkataa. Wake zake ndio waliosema kwa niaba yake, na walisema sana.

Siku ile ile Miza, mjakazi wa nyumba, aliingia chumba cha ndani kuokota vikombe, akasimama mlangoni asivuke. Alikuwa mtu wa makamo asiyetishika ovyo, lakini sasa alikuwa ameshika fremu ya mlango.

"Bibi," alinong'ona. "Umekaa na nani?"

"Peke yangu."

"Wakati unaimba nilipita hapa. Palikuwa na pumzi mbili."

Mwanabaraka naye alikuwa ameisikia. Kila alipovuta pumzi, kulikuwa na mwingine anavuta pamoja naye, na alipoishikilia, yule naye akashikilia, na alipoitoa juu ya neno, yule akaiachia polepole, kama mtu aliyekuwa akiogopa kwamba neno litaanguka.

"Iko wapi hiyo ya pili?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Miza alinyoosha kidole chini, kwenye mkeka. "Miguuni pako, bibi. Hapo hapo. Mkeka umebonyea."

Mwanabaraka akatazama. Mkeka ulikuwa umebonyea kweli, mahali pa mtu mmoja aliyekaa na kukunja miguu. Miguu yake ikaingiwa na ubaridi mpaka magotini. Lakini nitasema ukweli, hata kama hamtaupenda: juu ya ile hofu aliona raha. Tangu aolewe hakuna aliyekaa miguuni pake kumsikiliza.

"Usimwambie bwana," alisema.

"Nimwambie nini?" Miza akajibu. "Kwamba mgeni wa kijini ana adabu kuliko wageni wake?"

Hata hivyo mji ulikwisha kujua. Bagamoyo haifichi kitu. Mgeni mwingine alitoka barazani kwa Nasor na koo limemkauka asiweze kumeza mate mpaka alfajiri, na huyo naye alikuwa amesema wakati mwimbaji anaimba. Wa tatu hakungoja yamkute. Baraza likawa tupu. Nasor akakaa peke yake na dele lake la kahawa, na sokoni wanawake wakawa wanaambizana: ile sauti ya mke wa Mwarabu si yake, ni ya jini. Mtu wa Kaole, aliyekulia kwenye magofu na makaburi! Nyie mlidhani koo la binadamu linaweza kutoa vile?

Maneno hayo yalimfika Mwanabaraka, na hapo ndipo hasira ilipoanza kweli. Jini hakumkasirisha. Walimkasirisha watu.

Nasor akapeleka mtu Mapinga kumwita Mwinyijuma, mganga aliyesifika pwani yote kwa kupunga majini. Alikuja na mkoba wake wa ngozi na fimbo, na tasbihi ndefu shingoni.

"Shikamoo, fundi," Miza alimpokea mlangoni.

"Marahaba. Bibi wa nyumba yuko wapi?"

Hakuuliza bwana. Hakuuliza harufu imeanzia wapi, wala nani alikuwa wapi Darwesh alipojing'ata. Maana ndivyo walivyo waganga wa pwani yetu: jini akiingia nyumba, sharti awe na kiti, yaani mtu aliyempanda kichwani, na nyumba ikiwa na jini na ikiwa na mwanamke, kwao hesabu imekwisha. Mwinyijuma alimtazama Mwanabaraka dakika chache, akanusa chumba, akarudi barazani kwa Nasor. Mwanabaraka akasimama nyuma ya mlango.

"Kiti ni mkeo," mganga alisema. "Jini mwenyewe amejifunga kwenye sauti. Tutamkalisha, tutampandisha, aseme jina lake na anachotaka. Kisha tutamtoa."

"Akitoka, sauti itabaki?"

"Haitabaki. Nitaifunga ili asipate pa kurudi. Ataongea kama watu, atapika, atazaa inshallah. Kuimba hataimba tena."

Nasor alifikiri kwa muda wa funda moja la kahawa. Funda moja!

"Ifunge," alisema. "Naomba ule yamini kwamba utaifunga. Nimekosa wageni kwa ajili yake."

Mwinyijuma akala yamini.

Mwanabaraka alitoka nyuma ya mlango bila kujifunika vizuri. "Bwana, ulimwambia nini ami yangu ulipokuja kuniposa?"

"Usianze, Mwanabaraka. Mbele ya mgeni?"

"Nijibu! Ulisema umeipenda nini?"

"Una jini, mke wangu. Husikii? Sauti nzuri namna ile si ya mtu. Mji mzima unasema."

Miaka yote ile mume huyu hakuwahi kumwambia sauti yake ni nzuri, na leo amesema, na sifa yenyewe kampa jini.

"Vijiwe vya Bi Ashatu alipigwa jini?" aliuliza. "Aliyesimama juani Kaole mpaka midomo ikapasuka, ni jini? Nasor, hii ni kazi yangu. Nimeifanya mimi!"

"Mtoeni," Nasor alisema. "Ameanza kupanda."

Kurudi Kaole angeweza, ni mwendo mfupi tu, lakini ami yake angemrudisha kabla jasho halijamkauka. Alijua hivyo. Akaingia ndani akakaa kwenye mkeka, na pale kwenye mbonyeo wa mkeka kitu kikakaa karibu naye, na wote wawili wakakaa hivyo mpaka kukaadhiniwa magharibi.

Siku ya kupunga, ua wa Nasor ulijaa baada ya alasiri. Wale waliokimbia baraza walirudi wote, maana hakuna asiyependa kuona mke wa mtu anagaragara. Darwesh alikuja na kitambaa mdomoni. Wakamkalisha Mwanabaraka kwenye kigoda, wakamfunika shuka nyeupe, wakamfukiza ubani mpaka akakohoa. Ngoma zikapigwa. Mwinyijuma akazunguka, akaita jini la maji, jini la bara, jini la mwambani, akapaza sauti, akalainisha sauti, akatoa jasho. Chini ya shuka Mwanabaraka alikaa wima kama mtu anayengoja chakula. Jua likaanza kushuka, wapiga ngoma wakaanza kubadilishana mikono, na watu wakaanza kunong'ona kwamba mganga wa Mapinga amezeeka.

"Jini hili gumu," Mwinyijuma alisema mwishowe, akijifuta uso. "Nyamazisheni ngoma. Bibi, imba. Akisikia mlango wake umefunguliwa atapanda mwenyewe."

Mwanabaraka akaivua shuka, akaitupa chini.

"Nitaimba," alisema, "lakini mjue nani anaimba. Hapa kichwani hakuna mtu ila mimi. Sauti hii ni yangu. Mkitaka kuifunga, mwifunge mkijua mmemfunga Mwanabaraka, msije mkamsingizia jini."

Akatafuta kitu cha kutazama, akapata tundu dogo kwenye ukuta wa ua, akalitazama mpaka ua ukaondoka, na mganga akaondoka, na Nasor pia. Akaanza utungo aliofundishwa na Bi Ashatu, wa mwanamke aliyesimama mlangoni pa nyumba ya watu akiomba kusikilizwa. Ubeti wa kwanza, wa pili, kisha wa tatu:

Nimekuja mlangoni, naomba unisikize,
Sitaki cha mkononi, wala nguo unituze,
Nina neno la moyoni, nataka nilimalize,
Usinikate njiani, kwa kimya chako nituze.

Na kimya kikashuka. Hata wale waliokuja kucheka walijikuta wameinamisha vichwa, na mpiga ngoma mmoja alikuwa analia na ngoma yake mapajani bila kujua analilia nini, na sauti ikaendelea, haikupanda, haikujitapa, ilitembea neno kwa neno kama mtu anayevuka ua uliojaa watoto waliolala, na harufu ya chokaa mbichi ikaja, kwanza kwa mbali kisha karibu, ikafunika ubani na jasho la watu, na ile pumzi ya pili, ambayo mpaka siku ile walikuwa wameisikia wanawake wawili tu, sasa ilisikika ua mzima, ikivutwa pale anapovuta Mwanabaraka na kuachiwa pale anapoachia, inazunguka nyuma ya watu, inapita shingoni mwao na ubaridi wake, inakaa kidogo kwa huyu na kumwacha, inakaa kwa yule na kumwacha, na hakuna aliyethubutu kugeuza shingo wala kukohoa wala kumeza mate, mpaka mwimbaji akafika ubeti wa kabla ya mwisho, akaumaliza, akavuta pumzi ya kuuanza wa mwisho.

Nasor akapiga makofi. "Basi, inato..."

Meno yake yakafungana. Akasimama mikono imebaki hewani. Kisha ikashuka polepole, akakaa chini kwenye udongo, akakunja miguu, na kinywa chake kikafunguka, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya chini na ya upole, na kila aliyekuwako barazani siku ile ya kwanza aliitambua.

"Nani kakwambia inatosha?"

Watu walikimbia, wengine wakapita juu ya wengine. Waliobaki walibaki kwa kuwa miguu iliwakataa. Nao wakaona jambo baya kuliko sauti: macho ya Nasor yalikuwa bado ni ya Nasor. Yalikuwa yanazunguka huku na huku kwa hofu, yamefungiwa ndani ya uso uliotulia.

Mwinyijuma aliona kosa lake, na sifa tumpe, hakukimbia. Akapiga goti. "Assalaam alaykum, mgeni wetu. Jina lako nani?"

"Jina langu halikuhusu."

"Wataka nini? Mbuzi? Pete? Nguo nyeupe?"

"Nataka mwisho."

"Mwisho wa nani?"

"Wa wimbo," jini alisema. "Nimemsikiliza huyu tangu akiwa msichana, nimekaa ukutani kwetu Kaole. Kule alikuwa akiumaliza. Nikamfuata huku. Huku kila siku mtu huyu anaukata. Utakaaje hivyo? Nipeni mwisho, nitamwachia mtu wenu, nitarudi kwetu, na hamtanisikia tena."

Mwinyijuma alipumua. Katika uganga wake wote hakuwahi kupata jini rahisi namna ile. "Bibi, umesikia. Ni ubeti mmoja tu. Tumalizie."

Watu wote wakamtazama Mwanabaraka. Ubeti ulikuwa ulimini. Ungemtoka hapo hapo, na kifua kingekuwa cheupe kwa mara ya kwanza tangu aolewe, na mbele ya watu walionyamaza. Mwili wake mzima uliutaka.

"Fundi," alisema, "na yamini yako? Utanifunga sauti?"

Mganga akashika tasbihi yake. "Hilo ni la mumeo. Yamini nimemlia yeye. Akizinduka akasema niache, nitaacha."

Mwanabaraka akaenda, akachutama mbele ya Nasor, uso kwa uso. "Bwana, najua unanisikia. Ukizinduka utaniacha niimbe? Kama utaniacha, fumba macho. Fumba tu, mara moja, mbele ya watu hawa."

Wakangoja. Macho ya Nasor yakamkodolea. Yalikuwa makavu, yamewaka, na hayakufumba. Mpaka leo watu wanabishana: wengine husema jini alizishika na kope pia, wengine husema mimi namjua Nasor, ni kiburi kile. Mwanabaraka alikuwa karibu na macho yale kuliko wote, naye hakuwahi kusema aliona nini mle ndani.

Akasimama, akajifunga ushungi wake.

"Leo nimechoka," alisema. "Nendeni makwenu."

Mwinyijuma alisihi mpaka isha. Alipoona hasihiki alimgeukia jini, akamtishia kwa moto na kwa aya, na jini akamsikiliza kwa adabu mpaka akachoka. "Siwezi kutoka kabla haujakwisha," alisema tu. "Nitangoja."

Na akangoja. Kila siku baada ya alasiri Nasor hutoka mwenyewe chumbani, hukaa kwenye mkeka miguuni pa mkewe, hukunja miguu. Mwanabaraka huimba wimbo wote, akauacha ubeti wa mwisho. Ndugu wa Nasor walikuja kutoka Unguja na makelele yao, wakakalishwa, wakasikia, wakaondoka kwa kunyata. Talaka hakuna, maana kinywa cha kuitoa si cha mwenyewe. Sauti haikufungwa, maana mwenye kusema ifungwe au isifungwe hayupo. Mji ukajifunza kupita nje ya nyumba ile bila kuongea, na siku hizo Bagamoyo nzima, kuanzia wapagazi mpaka wanawali, ilimsikia Mwanabaraka. Alipata kile alichokitaka, na alipata na adhabu yake. Yule mwenye kuuzuia mwisho ni yule yule mwenye kuuhitaji. Ubeti ule ulimkaa kifuani mchana na usiku. Alikonda. Miza alimkuta mara nyingi jikoni ameziba mdomo kwa kiganja, anaogopa usimtoke wakati anapepeta mchele.

"Umalizie, bibi," Miza alimwambia siku moja. "Utakufa nao."

"Nikiumaliza watanifunga, na hapo ndipo nitakufa."

"Na bwana je? Anatia huruma."

"Mimi sikutia?"

Mvua za masika zilikwisha, zikaja za vuli. Siku moja, Mwanabaraka amemaliza ubeti wa kabla ya mwisho, amenyamaza na kifua kinamwaka, sauti ikasema kutoka miguuni pake: "Mwanabaraka."

Haikuwa ile ya upole. Ilikuwa inakwaruza, imekauka kwa kukaa bila kutumika. Miza, aliyekuwa mlangoni na sinia, alisimama.

"Bwana," Mwanabaraka alisema.

"Amenipa kinywa kidogo. Amesema niombe mwenyewe." Nasor alikuwa analia. "Malizia, mke wangu. Nakuomba. Nitamwambia Mwinyijuma asikufunge. Nitakupa talaka yako ukiitaka, nitakurudisha Kaole kwa heshima, uimbe utakavyo. Wallahi. Nimekoma."

Mwanabaraka alishika ukingo wa mkeka kwa mikono miwili. Hakuna aliyetaka kuumaliza wimbo ule kuliko yeye. Ubeti wa mwisho ulipanda, ukafika kwenye meno, na alijua kwamba akifungua kinywa hataweza kuurudisha.

"Nitakuuliza neno moja tu," alisema, na machozi yalikuwa yanamshuka. "Ukinijibu, Nasor, naumaliza sasa hivi, na nimekusamehe. Umekaa hapa kila siku. Wimbo huu unasema nini?"

Nasor akamtazama Miza kama atamsaidia. Akatazama pazia.

"Wa... wa mapenzi," alisema. "Mwanamke na mpenzi wake. Si ndivyo? Anamsifu mpenzi wake."

Miza akaweka sinia chini. Mwanabaraka akavuta pumzi, akaanza upya ubeti wa kwanza.